Chaki Iliyofutika

Kila siku akitoka shuleni, Mdadisi alikuwa na utaratibu wake. Alivua sare akaitundika, akanywa chai kwa vipande viwili vya mkate, akamaliza kazi za shule, kisha akavaa gauni kuukuu lenye madoa ya grisi na kukimbilia bandani. Jina la Mdadisi alibandikwa na bibi yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuna mtu nyumbani aliyepumzika na maswali yake.

Bandani alikuwamo Kobe. Hili lilikuwa gari dogo la zamani, la milango miwili na paa la mviringo, ambalo marehemu babu aliliacha. Kwa miaka tisa lilikaa chini ya turubai, na kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma bila kuulizwa. Watu walimshauri mama yake Mdadisi aliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akaenda kununua spana.

Mama alikuwa fundi cherehani. Kuhusu magari, alijua kupanda na kushuka tu. Lakini bibi, ambaye ndiye aliyemzaa mama, miguu yake ilikuwa imeanza kumgomea, na dada yake wa pekee aliishi ng'ambo ya mto, chini ya mteremko mrefu. Ajuza hao wawili hawakuwa wameonana kwa miaka miwili. Kila Jumapili walizungumza kwa simu, na kila Jumapili bibi alifuta macho akisingizia vumbi.

"Gari la baba litampeleka," mama alisema. "Hata kushona nilijifunza kwa kufumua shati kuukuu nikaangalia limeungwaje. Tutalifumua na hili."

Na kweli walilifumua. Kila kipande kilichotoka, mama alikiandika kwa chaki yake ya kushonea, kama anavyoweka alama kwenye vitambaa alivyokata: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Jirani yao, Fundi Spana, aliyestaafu kazi ya gereji, alikuja kila Jumamosi kuwaelekeza. Mikono yake ilitetemeka, hivyo hakushika chombo. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akatoa amri, maana mdomo wake ulikuwa haujastaafu.

"Mtindo wa chaki sijawahi kuuona katika miaka arobaini ya kazi," alisema. "Lakini ni mzuri. Anayefungua breki bila alama ataifunga kwa kubahatisha."

Miezi minane ilipita. Mdadisi alipiga msasa kutu mpaka ncha za vidole zikawa laini. Mama alishona vitambaa vipya vya viti kwa mabaki ya mapazia, na jioni akajifunza udereva mpaka akapata leseni. Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikanguruma. Bibi, aliyekuwa dirishani, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hivyohivyo ndivyo alivyokohoa babu yako kabla ya kusema jambo," alisema.

Zilibaki breki. Kila gurudumu la Kobe lilikuwa na vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo mafundi huviita viatu vya breki. Dereva akikanyaga breki, viatu hutanuka na kulibana gurudumu lisizunguke. Mama alivitoa vyote vinane, akavitia alama, akavipanga juu ya gunia. Kisha akaenda kumpima mteja.

Mdadisi alivitazama vile viatu vilivyogandwa na vumbi jeusi. Akawaza jinsi mama atakavyofurahi akivikuta vinang'aa. Alileta beseni la maji ya sabuni na brashi, akavisugua kimoja baada ya kingine, akiimba. Alipovianika ndipo wimbo ulipokatika. Chaki ya kushonea imetengenezwa ili ifutike nguo ikifuliwa. Jambo hilo Mdadisi alilijua tangu akiwa na miaka mitano, na sasa alikuwa amefua breki.

Viatu sita vilibaki na alama hafifu ambazo aliweza kuzisoma akivielekeza kwenye mwanga. Viwili, vya gurudumu la mbele la kulia, vilikuwa havina hata nukta. Kipi kinakaa upande wa mbele na kipi wa nyuma? Alivigeuza, akavifananisha. Aliposikia sauti ya mama ikimuaga mteja, alichukua chaki, akakoleza zile alama sita, na kwenye vile viwili akaandika kwa kubahatisha tu.

"Mwanangu, umeviosha vyote?" mama alisema, akamkumbatia. "Ahsante. Mungu akuzidishie."

Mdadisi alirudisha chaki mahali pake, asiseme habari ya zile alama mbili.

Jumamosi breki zilikuwa zimefungwa. Mama aliendesha Kobe kutoka bandani hadi getini, hatua ishirini hivi, akakanyaga breki. Kobe alisimama.

"Alama zilikuwepo zote?" Fundi Spana aliuliza.

"Zote, Mzee," mama alijibu. "Hata moja haikukosekana."

Mdadisi alijifanya anafunga kamba za viatu vyake. Siku zilizofuata alijiambia kwamba huenda amebahatisha sawasawa, na kwamba gari limesimama getini kila mtu akiona. Lakini getini ni tambarare, na njia ya kwa dada yake bibi ilikuwa mteremko mtupu, na chini yake daraja jembamba.

Siku ya safari ilipofika, bibi alivaa gauni lake la buluu lililokuwa likingoja siku maalumu. Mama alimpandisha taratibu, mguu mmoja kisha wa pili. Bibi akaweka mkoba mapajani, akaufungua kuhakikisha miwani aliyomnunulia dada yake imo, akaufunga. Tangu alfajiri alikuwa ameufungua mara sita.

"Mdadisi, panda nyuma," mama aliita, akawasha gari.

Mdadisi hakupanda. Alisimama mbele ya gari.

"Mama, zima."

"Kuna nini?"

Alipiga moyo konde, akasema yote: beseni, brashi, chaki iliyofutika, na alama mbili alizozitunga. Machozi yalimtoka kabla hajafika mwisho. "Huenda niliweka sawa," alisema, "lakini sijui, Mama. Sijui kabisa."

Mama alizima injini. Aliushika usukani kwa mikono yote miwili, akimtazama bibi na lile gauni la buluu. Mdadisi angependelea kugombezwa.

"Haya," bibi alisema mwishowe. "Nishusheni basi. Dada yangu nimemngoja miaka miwili. Saa mbili tatu hazitaniua."

Fundi Spana aliitwa, akaja na ndoo yake ya kukalia. Mama alivua viatu vya safari, akaweka jeki, akafungua gurudumu la mbele la kulia. Mdadisi alishika tochi. Fundi aliinama, akatazama muda mrefu.

"Vimepishana," alisema. "Kirefu kimekaa pa kifupi. Hapa uani usingejua. Lakini kwenye ule mteremko, ukikanyaga kwa nguvu, gurudumu hili lisingeshika kama mwenzake. Gari lingekuvuta kushoto."

Kushoto kwa ule mteremko, kila mtu alijua, kulikuwa na mto.

Mama aliketi chini palepale, mikono imejaa grisi. Kisha akamvuta Mdadisi, akamkumbatia na grisi yake yote.

"Nimeshawahi kukata shati la mteja nikapata mikono miwili ya kushoto," alisema. "Nilikuwa najifunza, na wewe unajifunza. Kufuta chaki si dhambi. Ila siku ile uliponyamaza, ulituweka sisi sote ndani ya gari hili na jambo ulilolijua peke yako. Hilo usilirudie."

"Sitarudia, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na ahsante kwa kulisema hili kabla gari halijatoka getini. Haikuwa rahisi."

Walivibadilisha nafasi viatu vya breki, wakafunga, na safari hii alama ziliandikwa kwa rangi ya mafuta. Fundi Spana akataka majaribio kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala. Mama aliendesha kwa kasi, akakanyaga breki. Mzee aliteremka, akainama juu ya vumbi, akamwita Mdadisi aje aone. Mistari miwili ya matairi ilikuwa imenyooka, sawa kwa sawa.

"Mimi niliwafungia watu wengi breki," Fundi alimwambia, "na wengi wao sikuwahi kuwaona tena. Walipanda na watoto wao wakaenda zao. Anayegusa gari amebeba watu asiowajua. Akikosea na akasema, huyo ni fundi. Akikosea akaficha, hata awe na mkono mwepesi namna gani, nisingempa spana yangu." Alitoa mfukoni spana ndogo, imechakaa mpaka inang'aa. "Shika hii."

Mdadisi aliipokea kwa mikono miwili.

Waliondoka saa nane mchana. Kwenye mteremko mama alikanyaga breki taratibu, kisha kwa nguvu, na Kobe alitii akiwa amenyooka mpaka darajani. Bibi alinyoosha mkono nyuma, akashika goti la mjukuu wake mpaka wakavuka mto.

Dada yake bibi alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi. Walishikana mikono, wakalia, na safari hii hakuna aliyesingizia vumbi. Bibi alipomvalisha dada yake ile miwani, dada alitazama gari, akamtazama mama mwenye funguo mkononi.

"Kwa hiyo huyu binti yako ndiye aliyekuleta?"

"Huyo ameendesha," bibi alisema. Akamvuta Mdadisi mbele. "Aliyenifikisha ni huyu."