Chiriku na Panya Wasiozaa

Kila jioni mama alirudi kutoka kazini nywele zikiwa bado na unyevu. Huko kwenye maabara, mtu haingii chumba cha panya kabla ya kuoga, na hatoki mpaka avue mavazi ya kazi na kuoga tena. Binti yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa jinsi alivyojaliwa domo, alimsubiri jikoni. Hapo, mama akimenya viazi na binti akihangaika na hesabu zake, ndipo habari za panya zilipozungumzwa.

Hawakuwa panya wa darini. Walikuwa weupe, wadogo, na wataalamu walikuwa wamebadilisha jeni zao, yaani yale maelekezo ya mwilini yanayorithiwa kutoka kwa wazazi. Wataalamu hao walitaka kujua jambo moja: mbegu ya dume hulitambuaje yai la jike? Mama alieleza kwa mikono. Ngumi ilikuwa yai, kidole kilikuwa mbegu. Yai lina kishikio chake na mbegu ina chake, na vikishikana ndipo mimba inapoanza. Baadhi ya madume walikuwa wameondolewa jeni ya kishikio cha mbegu. Ukiwatazama huoni kasoro: wanakula, wanakimbizana, na mbegu zao zinaogelea hadi kwenye yai. Zikifika, hazishikani nalo, na jike hapati mimba.

Siku moja mwalimu wa sayansi alimtaka kila mwanafunzi aeleze kazi ya mzazi wake. Chiriku alisimama akayataja yote bila kupepesa macho: panya, mbegu, yai. Darasa likaangua kicheko. Twiga, mvulana mrefu kuliko wote, akasema kumbe mama Chiriku ni mkunga wa panya. Hata mwalimu alijifunika mdomo kwa kitabu. Hilo ndilo lililomchoma Chiriku zaidi.

"Chekeni tu," alisema. "Mama yangu ameshapata dawa. Wasiopata watoto wanakunywa, wanapata."

Kicheko kilikatika. Ukimya ule ulimnogea, akaketi kichwa juu.

Lakini maneno hayakai pale yaliposemwa. Twiga aliishi kwa shangazi yake, fundi cherehani wa mtaa, mwanamke aliyekuwa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Mawifi zake walimnyooshea kidole kila walipomtembelea. Jumamosi asubuhi fundi huyo alipiga hodi kwa kina Chiriku, amevaa gauni lake la kutokea, mkononi ana blauzi mpya iliyofungwa kwenye karatasi.

"Dada, nimekushonea hii," alimwambia mama. "Nimesikia mmepata dawa. Nimekuja kuomba na mimi unikumbuke."

Chiriku, aliyekuwa akifagia, alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, uvumi ukakosa mwenyewe. Lakini alimwona fundi akiinyoosha blauzi ile kwa vidole, na moyo ukamuuma. Akaweka ufagio chini.

"Hakuna dawa, shangazi. Ni mimi niliyesema. Walinicheka, nikatia chumvi."

Fundi aliketi taratibu. "Jana nilikwishachagua jina la mtoto," alisema.

Chiriku akalia. Mama hakumbembeleza wala hakumkemea. Aliketi karibu na mgeni, akamweleza ukweli wote: kwamba dawa haipo, kwamba kazi yao ni kuelewa kwanza, na kwamba huenda miaka mingi ikapita. Kisha akamweleza habari za wale panya.

"Kwa hiyo hao wasiozaa, kosa liko kwa dume?" fundi aliuliza.

"Kwa hao, ndiyo. Wengine shida iko kwenye yai. Kwa macho huwezi kujua, ndiyo maana lazima tupime wote wawili."

"Wote wawili," fundi alirudia. "Mimi nimepimwa mpaka wauguzi wamenizoea. Mwenzangu hajawahi kukanyaga pale hospitalini, na dada zake wanasema mwanamume hapimwi." Akasimama. "Jumatatu atapimwa. Akikataa, ajishonee suruali zake mwenyewe."

Mama alitaka kumrudishia blauzi. Fundi akakataa: ilikatwa kwa mwili wa mama, ingemfaa nani mwingine? Mlangoni alimgeukia Chiriku.

"Wewe ulisema mbele ya darasa. Ukafute mbele ya darasa."

Jumatatu Chiriku alipiga moyo konde, akaomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama mbele.

"Nilisema mama amepata dawa. Nilidanganya, na uongo wangu umemuumiza mtu. Hilo nalifuta. Lakini panya ni kweli, mbegu ni kweli, yai ni kweli, na hayo sifuti. Anayetaka kucheka acheke, nitamsubiri amalize."

Wawili watatu walicheka, wakajikuta peke yao. Twiga hakucheka. Asubuhi ile alikuwa amemwona mume wa shangazi yake akifuata njia ya hospitali, nyuma ya mkewe. Mwalimu alimpa Chiriku chaki achore yai ubaoni, kisha akamwomba radhi mbele ya darasa kwa kucheka siku ile.

Baadaye ilijulikana kwamba tatizo lilikuwa kwa mume, naye akaanza matibabu. Mtoto bado hajapatikana. Lakini mawifi siku hizi wakija wanaulizia bei ya mshono tu.

Siku fundi alipoleta habari hizo, Chiriku alimuuliza mama kwa nini hakumchapa.

"Fimbo ingekufundisha kuniogopa mimi," mama alijibu. "Wenzako walipocheka, ukadhani ukweli wetu ni mdogo, ukauongezea. Siku nyingine wakicheka, usiongeze wala usipunguze. Simama na ukweli hivyo hivyo ulivyo. Haya, lete viazi."