Pikipiki Iliyokataa Kwenda Mbulumbulu

Jambo la mwisho la kawaida siku ile lilikuwa utani wa Patrisi, fundi wa pikipiki pale Karatu. Alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya ua, bila kusogea karibu.

"Bwana Shamba! Ikizima, angalia mafuta, halafu cheche, halafu hewa. Usiipige mateke kwa hasira. Hiyo si maksai!"

"Nimesikia, fundi."

"Na mila je? Una miezi minne tu tangu msiba, kaka. Wazee hawajakutoa."

Nikapiga kiki, nikaondoka. Ilikuwa mwaka 1982. Mke wangu, Lusia, alifariki siku tisa baada ya kujifungua, na binti yetu, Marsela, alichukuliwa na bibi yake huko Mbulumbulu. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa hujitenga. Tunaita metimani. Mfiwa haingii nyumba ya watu, hagusi mtoto, hata wa kwake, mpaka wazee wamtoe, kwa sababu kifo bado kinamfuata nyuma. Mimi nilisoma kilimo Morogoro. Niliiheshimu mila hiyo kama ninavyoheshimu karantini ya mifugo. Lakini nililetewa habari kwamba maziwa ya mtoto yamekwisha, na maduka yalikuwa matupu mwaka ule. Nilikuwa nimepata makopo mawili ya maziwa ya unga. Nilikuwa na pikipiki kuukuu niliyoiendesha kwa siku sita tu.

Nilipita Rhotia saa kumi na mbili kasoro jioni. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro. Kwenye korongo la mwisho kabla ya Mbulumbulu, injini ikakohoa.

Ikazima.

Nilifuata maelekezo. Koki ya mafuta ilikuwa wazi. Nikafungua plagi, nikaigusisha kwenye chuma, nikapiga kiki: cheche ya buluu, safi. Nilipolegeza kifuniko cha tangi, kikavuta pumzi... fyuuu. Kitundu chake cha hewa kilikuwa kimezibwa na tope. Nikakizibua kwa kijiti. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu.

Ikawaka. Ikaenda hatua ishirini. Ikazima.

Niliigeuza kuelekea Karatu. Kiki moja, ikawaka. Nikaigeuza tena kuelekea kwa mtoto. Ikazima. Nilirudia mara tatu, kwa kuwa mara moja si ushahidi. Labda ni mlima, nilijiambia; labda mafuta hayafiki kwenye kabureta. Nikaamua kuisukuma.

Haikusogea.

Nilikuwa nimesimama kando yake. Hakuna aliyeikalia. Lakini springi za nyuma zilikuwa zimeshuka vidole vitatu, na tairi lilikuwa limezama kwenye tope.

Halafu harufu. Haikuwa petroli. Maziwa... maziwa ya mama, yaliyochacha kwenye kitambaa.

"Twende kwa mtoto."

Sauti ilikuwa ya chini sana. Ilitoka kwenye kiti.

"Lusia?"

"Ananyonya nini?"

Nilichukua makopo, nikaanza kutembea kwa miguu. Nyuma yangu, kriii... springi zikapanda. Nikasimama. Zikashuka. Nikapiga hatua moja. Zikapanda.

Hapo nikaelewa. Nikienda, anashuka kunifuata; ninampeleka kwa mtoto. Nikirudi, mtoto analala njaa.

Jambo moja sikulielewa, na silielewi mpaka leo. Yeye alitaka kwenda.

Basi nani aliyekuwa akiizima?

Usiku ule sitaueleza. Nilikaa kwenye tope, mkono mmoja juu ya kiti, ili nijue kama bado yupo. Kiti kilikuwa cha baridi. Alikuwepo.

Alfajiri, Hyasinta, mdogo wake Lusia, alitokea kwenye ukungu. Alikuwa anakwenda Karatu kutafuta maziwa. Marsela alikuwa mgongoni mwake, analia kwa sauti iliyokauka.

"Shemeji! Umelala hapa?"

"Usisogee."

"Mtoto hajala tangu jana mchana!"

"Simama hapo hapo, Hyasinta. Nakuomba."

Niliweka makopo katikati ya njia, nikarudi kinyumenyume. Aliyachukua haraka. Kisha akatazama nyuma yangu, akikaza macho.

"Na huyo mama uliyempakia, mbona hasalimii?"

Mtoto akanyamaza ghafla. Akageuza kichwa kuelekea pikipiki.

Kriii...

Springi zilianza kupanda.

Nilikimbia nikaikalia. Sikugeuka.

"Lusia," nikasema taratibu, "amepata maziwa. Mwache anywe. Twende nyumbani."

Nikashika usukani.

Kisha springi zikashuka. Mikono miwili ikanishika kiunoni.

"Nenda, Hyasinta," nikasema. "Nenda, usitazame nyuma."

Niliigeuza pikipiki kuelekea Karatu. Nikapiga kiki moja, ikawaka. Niliendesha polepole, nikikwepa mashimo.