Mashine Iliyokatwa Jicho

Rafiki yangu fundi mitambo alinisimulia haya macho yakiwa chini, kwa aibu.

Shangazi yake ana mashine tatu za kupalilia, kila moja ya kampuni yake. Alimwita aziunganishe zipeane taarifa: inayoona mtu mbele isimame na kuzijulisha nyingine, akishapita iendelee. Mbili zilikubali. Ya tatu, kuukuu, ilisimama ovyo, basi akaikata kimyakimya nyaya za jicho na za mawasiliano, ikabaki kipofu na kiziwi.

“Sasa zinaelewana, shangazi.”

“Mnaiona damu yangu?” shangazi akawaringia majirani. Fundi akatamani ardhi immeze.

Jioni akaacha chakula mezani. Akasingizia kwamba amesahau bisibisi, akarudi shambani kuirudishia zile nyaya kabla mtu hajaumia.

Giza lilishaingia, na nyanya zilizofungiwa miti zilimpita kichwa. Mashine zote zilikuwa zikinguruma. Alipokuwa akiifuata ile kuukuu kwa nyuma, mashine ya mbali kabisa ikasimama, ikanyamaza.

“Nani hapo?”

Ikanguruma tena. Kisha ya katikati ikanyamaza, nayo ikanguruma. Hakusikia hata jani likitikisika.

“Shangazi, ni wewe? Nisamehe, nilikudanganya.”

Akaendelea kuifuata mashine.

Ndipo ile kuukuu, hatua moja mbele yake, ikanyamaza. Akasubiri ingurume tena. Akasubiri sana. Haikunguruma.