Mate Juu ya Jiwe

Wimbi lilikuwa limekatika kichwa. Ndicho kitu cha kwanza Barau alichokiona asubuhi ile kibandani kwake, soko la mafundi redio, Kano. Aliugusa mtambo wa redio ya mtaa kwa sindano ya kupimia, na badala ya wimbi laini kupanda na kushuka kwenye kioo cha mashine yake ya kupimia, juu lilikuwa limemeguka kama mkate ulioumwa. Halafu kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa mvua. Harmatani ile, upepo mkavu wa jangwani, vumbi mpaka kwenye meno, mvua imesahaulika kabisa. Barau akadhani jirani kamwaga maji.

Mafundi wa soko letu wana tabia moja, na mimi siwatetei. Umeme wetu ukija huja mchovu, na mtambo ukikosa nguvu kristali haitetemeki, redio inakuwa bubu. Basi fundi anang'oa rezista inayoipunguzia kristali umeme, anachomelea waya mtupu mahali pake. Redio inawaka hata kwa umeme wa kuzimia, mteja anaondoka anacheka. Na kristali ni nini? Kipande cha jiwe kilichochongwa kikafungiwa ndani ya kibati. Nani ataliuliza jiwe kama linaumia? Mtambo ule Barau ndiye aliyeutia waya, msimu uliopita.

Gambo, fundi mwenzake waliyekuwa wakitumia meza moja, alimwambia wazi kwamba jiwe linashindiliwa umeme kupita kiasi, arudishe rezista wimbi lipone. Barau akamwita mwoga. Akafanya ule ujinga mwingine wa mafundi: akalamba kidole, akakigusisha kwenye mguu wa kristali.

Wimbi likanyooka, safi kabisa. Akainua kidole, likakatika tena. Akakirudisha, likatulia.

"Umeona?" akamwambia Gambo. "Limenizoea."

Gambo hakucheka. Harufu ya mvua ilikuwa imezidi, na kile kibati kilikuwa kinatoka jasho.

Tangu hapo Barau akawa haachii. Mkewe Delu, aliyekuwa akikaanga awara, vipande vya soya, pale mlangoni, alimwita ale, akaitikia bila kugeuka. Akampelekea fura ya mawele na maziwa, ikachachia mezani. Kila alipokitoa kidole, hata kwa kukilamba tu, kulisikika mlio mwembamba, si masikioni bali ndani ya magego, na wateja wa Delu wakawa wanashika mashavu na kuondoka bila kununua. Siku hadi siku mashavu ya Barau yakabonyea. Midomo ikampasuka kwa kukosa mate.

Ikafika ile saa ya jua la utosi, saa ambayo kwetu mama humwita mtoto wake ndani kwa kuogopa majini, na soko likawa kimya kwa sababu watu wameenda kuswali, Delu akaingia kumbembeleza mumewe, akaweka kiganja mgongoni kwake, akainua macho kwenye kioo, akaona wimbi likivimba na kunywea, likivimba na kunywea, na kila lilipovimba ndipo moyo wa Barau ulipopiga chini ya kiganja chake, wala haukutangulia wala haukuchelewa, na Gambo, ambaye naye alikuwa ameona, akaruka akazima swichi kubwa ya ukutani, feni ikasimama, taa ikafa, na wimbi likaendelea.

"Baba Ladi," Delu akamnong'oneza mumewe, "toa mkono."

"Nikitoa atapiga kelele."

"Nani?"

Delu akamwacha Gambo amshikilie Barau, akakimbia kumleta Inna Dije, mama wa bori, ile ngoma ya kupandisha majini, ambaye majini wa mji ule anawajua kwa majina.

Inna Dije alifukiza ubani, akakaa chini, akamsalimu mgeni kwa adabu na kumuuliza amekosewa nini. Midomo ya Barau ikafunguka. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

"Nililala ndani ya jiwe kabla mji huu haujawa na jina. Mkanichonga, nikanyamaza. Mkanitetemesha, nikavumilia. Huyu akaninyang'anya hata kile kidogo kilichonikinga. Nilipolia, akanipaka mate."

"Rezista inarudi sasa hivi," Inna akasema. "Unataka nini zaidi?"

"Kupumzika."

Delu akapiga magoti. "Pumzika, bwana. Nirudishie mume wangu tu."

"Mchukue," ikasema sauti. "Atetemeke yeye."

Inna Dije akashtuka, akamwambia Delu asiitikie. Lakini Delu, maskini, alikuwa amesikia lile neno la kwanza tu, na alikwishasema ahsante.

Kidole cha Barau kikaachia. Gambo alikata waya, akachomelea rezista kwa chuma alichokipasha kwenye jiko la Delu, na Inna akang'oa kristali kwa koleo, akaitia ndani ya kibuyu cha maziwa, akaenda kuizika. Harufu ya mvua ikakatika. Barau akapumua, akaomba maji, akamtania mkewe kwamba awara yake imeungua. Delu akalia kwa furaha, akamkumbatia, akalaza sikio kifuani kwake.

Hakusikia mapigo. Alisikia mtetemo mwembamba usiokatika, kama wa friji.

Gambo alikuwa anatazama kioo. Mahali pa kristali palikuwa patupu, na wimbi lilikuwa pale, laini, na kichwa chake kizima.

Mwenye redio alikuja kuchukua mtambo wake, akasifu kazi. Mpaka leo mtaa mzima unaisifu; umeme ukikatika, redio ile haizimiki. Barau anakula, anacheka, anafanya kazi. Delu humlaza mbali, kule ukutani, kwa sababu akilala karibu yake, meno yanamuuma mpaka asubuhi.