Mashine ya Upepo Uwanjani Kwetu

Kila asubuhi binti yangu Jémima hufagia uwanja, huchota bidoni mbili za maji, kisha humnywesha uji Gael, mdogo wake wa miaka miwili. Tunakaa Musonoi, karibu na mashimo ya mgodi. Mimi nauza unga wa mahindi mlangoni. Jémima ana miaka kumi na mitatu na mikono yake haitulii. Redio ikinyamaza, anaifungua. Kitanda kikivunjika, anatafuta misumari.

Mikono hiyo ndiyo Banza aliiona.

Banza ni mchimbaji, jirani wa nyumba ya nne. Likizo ya Julai ilipoanza, wakati maji ni ya shida, alikuja na mfuko wa udongo begani.

"Mama Jémima, hii budongo iko na dhahabu. Kidogo kidogo, sawa chumvi. Kule ku mugodi bantu banaweza kuninyanganya. Na maji ya kuosha haiko. Mutoto wako anaweza kutengeneza mashini ya upepo."

"Mutoto wa darasa la sita, tata?"

"Mutoto? Huyu ni ingénieur!"

Kusikia anaitwa injinia, Jémima alicheka akaficha uso. Mimi nami, nisiwadanganye, nilicheka. Nani hapendi mwanawe asifiwe?

Banza akachora chini kwa kijiti. Juu, chekecheke ya waya. Chini yake, sinia refu la mbao lenye mteremko, sakafu yake kitambaa, na vijiti vimepigiliwa kukingama. Chini kabisa, mvukuto wa turubai unaosukumwa kwa pedali ya baiskeli. Ukizungusha, upepo unapenya kitambaa. Udongo mwepesi unaruka vijiti na kwenda zake, na kitu kizito kinabaki nyuma.

Kuijenga kulichukua siku tatu. Kuirekebisha kulichukua wiki nzima. Jémima alichanganya vichwa kumi vya misumari ndani ya udongo ili aone vingapi vitabaki. Mara ya kwanza vilibaki vinne, kwa kuwa mteremko ulikuwa mkali. Akaupunguza, udongo ukakwama. Akaongeza upepo, vichwa vikaruka pamoja na mchanga. Akatoboa mvukuto tundu dogo, akajaribu tena.

Rafiki yake Darlène alisimama mlangoni akimtania. "Angalia nywele zako! Nyeupe yote, sawa mama muzee! Koko, shikamoo!"

"Koko tajiri," Jémima akajibu. "Kesho usiniombe beignet ya kula."

Jumamosi akapiga kelele: "Maman, kumi! Zote kumi!" Niliacha unga nikapiga makofi. Nikamwita hata jirani yangu Kabedi aje kuona.

Kuanzia hapo Banza alileta mifuko mitatu kila siku. Na mashine, kwa kuwa sasa ilifanya kazi vizuri, ilitupa vumbi zaidi kuliko mwanzo. Liliingia nyumbani, likakaa juu ya bukari, ugali wetu, likakaa juu ya unga wangu. Nilifunika unga kwa kitambaa. Unga! Gael sikumfunika. Alicheza miguuni pa dada yake, kama kawaida yake.

Siku ya nne akaanza kukohoa. Siku ya sita kifua kilibonyea kila alipovuta pumzi, na midomo ikabadilika rangi. Nilimfunga mgongoni, nikapanda pikipiki mpaka kituo cha afya. Muuguzi, Mama Laurentine, alimfuta pua kwa pamba. Pamba ikatoka ya kijivu kama saruji.

"Munatwanga mawe mu nyumba?" akauliza.

Nilieleza kwa aibu.

"Vumbi la mgodi lina madini ndani yake," akasema. "Likiingia kifuani, kulitoa ni kazi. Ungechelewa siku moja tu, huyu tungemkosa."

Mimi na Gael tulilala pale siku tatu; Jémima alibaki kulinda nyumba. Niliomba kwa majina yote ya Mungu ninayoyajua. Siku ya nne Gael akaomba uji, na Mama Laurentine akaturuhusu kwenda.

Nilifika nyumbani, na mashine ilikuwa inapuliza! Jémima ameinama juu yake, kope nyeupe, anakohoa. Akaniona, akakimbia. "Maman, Tata Banza alisema dhahabu itanunua dawa ya Gael!"

Nikamtazama Banza. Wiki zote zile sikuwa nimemtazama vizuri. Alisimama upande unakotoka upepo. Pua na kinywa vyake vilikuwa vimefungwa kitambaa kisafi.

"Tata Banza, hiyo kitambaa ni ya nini?"

"Ya vumbi, mama."

"Na mutoto wangu, ya kwake iko wapi?"

"Aah, batoto bako na nguvu."

"Sawa. Beba mashini yako sasa hivi. Kaiweke kwako."

Akashtuka kweli. "Kwangu? Na hii vumbi yote? Mama, kwangu kuko batoto!"

Kabedi, aliyekuwa nyuma ya ukuta, alisikia. "Na hapa kuko nini?" akauliza. "Kuko mbuzi?"

Jémima alichukua koleo. Aling'oa pedali, akang'oa misumari, kisha akapasua mvukuto kutoka juu mpaka chini.

"We mutoto! Kazi yote ile!"

"Ni kazi yangu, tata. Mi nilijenga, mi nabomoa."

Banza akajitwika mfuko wake akaenda. Dhahabu? Sikuiona hata punje. Nyuma ya vijiti kulikuwa na mchanga mweusi tu.

Tulimwagia uwanja maji yote tuliyokuwa nayo, tukafua kila nguo. Nilimpeleka Jémima naye kwa Mama Laurentine, akapimwa kifua, akapewa dawa. Njiani akaniuliza, "Maman, nilikosea kuitengeneza?"

"Hapana, mwanangu. Mikono yako haina kosa. Kosa ni la sisi wakubwa: yeye alijua akanyamaza, mimi niliona nikapiga makofi. Lakini tangu leo, mtu mzima akikupa kazi, usisikilize sifa zake. Angalia amesimama wapi, na amejifunga nini usoni. Kama anajikinga yeye na wewe hakukingi, acha kazi, uje uniambie. Hata kama anakuita ingénieur."

"Na kama ni wewe unanisifu, maman?"

"Hata mimi," nikasema. "Acha kazi, na uniambie mimi kwanza kwamba nakosea."