Spika Iliyomwita Nyaguthii

Usiku mmoja kwa rafiki yangu Wacera, kule Othaya, walikuwa wanne: yeye, mumewe Ngugi, mama mkwe wake Nyaguthii, na mtoto mchanga aliyepewa jina hilo la nyanyake, kama desturi yetu.

Ngugi alikuwa akiunganisha amplifaya na spika.

"Ukimwamsha mtoto, utambembeleza wewe," nyanya alimtania.

Mara stima ikapotea. Gizani spika ikakwaruza, kisha sauti ya mwanamume ikaita polepole, "Nyaguthii."

Ngugi akachomoa waya zote. Ikaita tena, na mtoto akageuza kichwa.

Nyanya akamziba masikio kwa viganja, akaitika haraka, "Ni mimi. Mtoto mwache alale."

Kukawa kimya.

Tulimzika nyanya Jumamosi. Jioni hiyo, spika isiyo na waya iliita jina lile tena.