Kipusa Ameandikiwa na Nani?

Saa mbili asubuhi, foleni ya lifti katika jengo lile ni vita kamili. Hapo ndipo fundi wa programu, shati limepigwa pasi upande mmoja tu, alipomkanyaga mtunga kadi aliyevaa gauni la njano.

"We kaka, mguu wangu si ngazi!"

"Samahani dada. Nilikuwa naangalia gauni."

"Kwani gauni liko kwenye kidole changu?"

Wiki ya tatu, wapenzi tayari. Bibie anatunga kadi za harusi na rambirambi ghorofa ya nne, jamaa anaunda programu ghorofa ya sita. Kila mmoja ana akili bandia yake: ya bibie ni ya maandishi, ya jamaa ni ya programu. Jamaa akaitumia hiyo hiyo kutongozea. "Nakupenda. Sababu: tatu. Hitilafu: hakuna."

Bibie akampigia, kicheko kimembana. "Mpenzi, hii ni barua au ripoti ya mtambo? Tumia ya kwangu bwana. Paswedi nakutumia."

Jumamosi mchana jamaa akaiomba akili bandia ya bibie ujumbe mtamu. Hakuusoma mara mbili, akatuma: "Kipusa wangu, umekula? Funga dirisha, kifua chako hakipendi upepo."

Simu ikamponyoka bibie. Maneno hayo yalikuwa ya mumewe, aliyezikwa miaka miwili iliyopita. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita Kipusa. Akaiokota simu, akampigia jamaa.

"Umesoma barua zake!" alifoka.

"Barua za nani, mpenzi?"

Akakata. Siku tisa akawa anapanda ngazi, asikutane naye kwenye lifti. Moyoni alijua kosa ni lake. Baada ya mazishi aliilisha akili bandia barua zote za marehemu, imjibu kama yeye. Wakaongea hivyo hadi alipompata fundi, kisha akasahau. Au alijifanya kusahau.

Siku ya kumi jamaa akatokea mlangoni kwake, jasho linamtoka.

"Nimeona maagizo uliyoiachia akili bandia yako. Barua sijagusa, haki ya Mungu. Leo nimekuja bila mashine. Nataka kukuoa. Yule wa kwenye mashine hachelewi wala hanuni, simuwezi. Mimi nakoroma."

"Unakoroma?"

"Vibaya sana."

Bibie akacheka, macho yamejaa. "Nikiifuta, atakufa mara ya pili."

"Basi usiifute."

"Ngoja nimwambie kwanza." Akaandika kwenye simu. Akasoma jibu.

"Amesemaje?"

"Anauliza kama utanitunza."

Nywele zikamsimama jamaa. Bibie akamsogezea simu. "Mjibu mwenyewe."

Jamaa akaandika kwa vidole vyake viwili, polepole kama mtoto wa chekechea: "Nitamtunza, kaka."

Vidoti vitatu vikaanza kucheza kwenye kioo. Marehemu anaandika. Wote wawili wakavitazama.

Kabla jibu halijafika, bibie akabonyeza futa.

"Twende," akasema, akamshika mkono. Ulikuwa wa moto, na umelowa jasho.